Kukokotoa Mpindo wa Boriti kwa Kompyuta: Mwongozo Kamili wa Elementi Finiti, Kuanzia Karatasi hadi Karakana

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mtu ambaye tayari amejaribu kuunda programu ya kukokotoa mpindo wa boriti, yaani kiasi ambacho boriti hushuka chini ya mzigo, akapata jibu lisiloaminika, na hajui kosa liko wapi. Mara nyingi hesabu yenyewe haina tatizo. Tatizo hutoka katika vipimo vilivyochanganywa, boriti isiyoshikiliwa ipasavyo, au mzigo uliosahauliwa, na kompyuta hutoa jibu lenye tarakimu kumi na sita bila kumwonya mtu yeyote. Kwa sababu hiyo, kila hatua ya programu hapa chini ina jaribio lake, na usiende hatua inayofuata kabla jaribio hilo halijatoa matokeo yaliyotajwa.

Tutashughulika na maumbo nyumbufu, yaani yale yanayorudi katika hali yake ya awali mzigo unapoondolewa, na tutatumia njia ya elementi finiti, ambayo wahandisi huiita FEM (Finite Element Method). Wazo lake ni kugawa umbo katika vipande vidogo ambavyo tabia ya kila kimoja inajulikana, kisha kuviunganisha vipande hivyo katika milinganyo ambayo kompyuta inaweza kuitatua.

## Mahitaji

Andaa kompyuta yenye Python na maktaba ya NumPy. Toleo lolote la miaka ya karibuni linatosha. Andaa pia karatasi, kalamu na kikokotoo, maana hatua ya kwanza haihitaji kompyuta kabisa.

Kwa jaribio la mwisho utahitaji chuma bapa chenye upana wa mm 50 na unene wa mm 10, kirefu kidogo kuliko mita moja ili sehemu ya kubanwa ipatikane. Utahitaji pia jiliwa (vaisi) lililofungwa imara kwenye meza, kalipa, mizani, na dumu la maji la zaidi kidogo ya lita 5. Asiye na vifaa hivyo anaweza kuishia hatua ya 8, ingawa atakosa sehemu ninayoithamini kuliko zote.

## Hatua ya 1: Pata jibu kwa mkono kwanza

Chuma chetu kimebanwa upande mmoja na upande wa pili uko hewani. Urefu wake kutoka kwenye meno ya jiliwa ni m 1, moduli ya Young ya chuma, E, yaani kipimo cha jinsi chuma kinavyopinga kunyumbuka, ni GPa 200, na mzigo wa N 50 (dumu la maji) unaning'inia kwenye ncha.

Momenti ya pili ya eneo, I, yaani kipimo cha jinsi umbo la chuma linavyopinga kupinda, ni upana mara unene kwa kipeo cha tatu, gawanya kwa 12. Kwa vipimo vyetu ni 0.05 × 0.01³ ÷ 12, sawa na 4.1667 × 10⁻⁹ m⁴. Ukizidisha na moduli ya Young unapata ukakamavu wa mpindo, EI, wa N·m² 833.3.

Kushuka kwa ncha, P ikiwa mzigo na L urefu, ni PL³ ÷ 3EI, yaani 50 ÷ 2,500, sawa na m 0.020, ambayo ni mm 20. Mgeuko wa ncha ni PL² ÷ 2EI, sawa na radiani 0.030. Momenti, yaani nguvu ya kugeuza, kwenye jiliwa ni N·m 50.

Andika namba hizi tatu mahali utakapoziona: 20, 0.030 na 50. Ndizo mizani ya kupimia programu yako. Anayeanza na kompyuta bila kuwa na namba za namna hii hana njia ya kujua amepotea.

Onyo kuhusu vipimo. Chagua mfumo mmoja na ubaki nao. Ukitumia mita, newtoni na paskali, moduli ya Young ni 200e9. Ukitumia milimita na newtoni, moduli ni 200,000 na jibu litatoka kwa milimita. Jibu lako likitofautiana na la mkono kwa mara 1,000 kamili, mara milioni, au kwa kipeo kingine cha kumi, usipoteze usiku ukitafuta kosa katika programu, ni vipimo.

## Hatua ya 2: Chora nodi na kubaliana na ishara

Gawa boriti katika vipande vinne vilivyo sawa. Mahali vipande vinapokutana, pamoja na miisho miwili, ndipo penye nodi, hivyo tuna nodi tano. Zihesabu kuanzia 0 hadi 4 kwa sababu Python huanza kuhesabu kutoka 0, na mtu anayeanza na 1 kwenye karatasi hujikuta akibana nodi ambayo hakukusudia.

Kila nodi ina mambo mawili yasiyojulikana: kupanda au kushuka kwake, na mgeuko wake. Yapange kwa zamu: kushuka kwa nodi 0, mgeuko wa nodi 0, kushuka kwa nodi 1, na kuendelea. Jumla ni namba 10, na zile za nodi *i* ziko katika nafasi za 2*i* na 2*i* + 1.

Kuelekea juu ni chanya. Mgeuko unaokwenda kinyume na mwendo wa saa ni chanya. Kwa hiyo mzigo unaoning'inia ni −50, na ncha itapata kushuka hasi na mgeuko hasi. Andika makubaliano haya pembeni mwa mchoro.

## Hatua ya 3: Unda matrisi ya kipande kimoja

```
import numpy as np

E = 200e9
b, h = 0.05, 0.01
I = b*h**3/12
Urefu = 1.0
n = 4
L = Urefu/n

k = E*I/L**3 * np.array([
    [ 12,    6*L,   -12,    6*L   ],
    [ 6*L, 4*L**2, -6*L,  2*L**2  ],
    [-12,   -6*L,    12,   -6*L   ],
    [ 6*L, 2*L**2, -6*L,  4*L**2  ]])
```

Matrisi hii, yaani jedwali la namba, husomwa safu kwa safu. Safu ya kwanza hujibu swali lifuatalo: nikiinua mwisho wa kushoto wa kipande kwa kipimo kimoja huku nikizuia mambo mengine matatu yasibadilike, ni kani na momenti zipi zinahitajika kwenye miisho yote miwili? Safu nyingine hujibu swali hilohilo kwa mambo yaliyobaki.

Hapa L ni urefu wa kipande, si wa boriti nzima. Kosa la kuweka urefu wa boriti ni la kawaida mno, na ni gumu kuligundua kwa sababu programu haigomi.

Jaribio. Chapisha `k[0, 0]`. Lazima upate 640,000. Kisha hakikisha kwamba matrisi ni linganifu, yaani `k` na `k.T` ni sawa.

## Hatua ya 4: Unganisha vipande

```
K = np.zeros((2*(n+1), 2*(n+1)))
for e in range(n):
    K[2*e:2*e+4, 2*e:2*e+4] += k
```

Alama ya `+=` ndiyo roho ya hatua hii. Nodi ya katikati inashikiliwa na vipande viwili, hivyo ukakamavu wa vyote viwili hujumlishwa pale. Ukiandika `=` pekee, kila kipande kitafuta sehemu ya kilichotangulia, na boriti itakuwa laini kuliko ilivyo.

Jaribio la kwanza. `K[2, 2]` iwe 1,280,000, mara mbili ya 640,000, kwa kuwa vipande viwili vinakutana hapo.

Jaribio la pili, ambalo ningeomba usiliruke hata siku moja:

```
x = np.linspace(0, Urefu, n+1)
r = np.zeros(2*(n+1))
r[0::2] = x
r[1::2] = 1.0
print(np.abs(K @ r).max())
```

Hapa tunaizungusha boriti nzima kama fimbo isiyopinda. Fimbo iliyozungushwa bila kupindwa haihitaji kani yoyote ya ndani, kwa hiyo jibu linatakiwa kuwa sifuri, au namba ndogo sana iliyo chini ya 10⁻⁶ inayotokana na kukadiria kwa kompyuta. Ukipata namba kubwa, kuna ishara iliyokosewa katika matrisi ya kipande, kwa kawaida katika zile za 6L.

## Hatua ya 5: Bana boriti, kisha tatua

Kabla ya kubanwa, boriti inaelea na inaweza kwenda popote, hivyo milinganyo haina jibu moja. Jiliwa linazuia mambo mawili kwenye nodi 0: kushuka na mgeuko. Tunayaondoa yote mawili katika orodha ya yasiyojulikana.

```
F = np.zeros(2*(n+1))
F[-2] = -50.0

huru = np.arange(2, 2*(n+1))
u = np.zeros(2*(n+1))
u[huru] = np.linalg.solve(K[np.ix_(huru, huru)], F[huru])
R = K @ u - F

print(u[-2], u[-1])
print(R[0], R[1])
```

Jaribio. Mstari wa kwanza utoe −0.02 na −0.03. Mstari wa pili utoe 50 na 50: jiliwa linasukuma juu kwa N 50 na linazuia momenti ya N·m 50. Hizo ndizo namba tulizoziandika katika hatua ya 1.

Wengi huzuia kushuka wakasahau mgeuko. Boriti hiyo imening'inizwa kwenye bawaba, na chini ya mzigo inaanguka. Ungetarajia NumPy ikatae, lakini kwa sababu ya kukadiria namba huenda isikatae. Badala yake inaweza kukupa kushuka kwa mabilioni ya mita bila lalamiko. Ukiona namba ya namna hiyo, rudi kwenye orodha ya `huru` kabla ya kugusa kitu kingine.

Angalia pia kwamba jumla ya kani za jiliwa inalingana na jumla ya mizigo. Jaribio hili halithibitishi kwamba mpindo ni sahihi, kwani hata boriti ya raba hutoa N 50 zilezile kwenye jiliwa, ila likishindwa una uhakika kwamba kuna kosa.

## Hatua ya 6: Ongeza uzito wa chuma chenyewe

Chuma kina msongamano wa takriban kg 7,850 kwa mita ya ujazo. Chuma bapa chetu kina kg 3.925 kwa kila mita, sawa na N 38.5 kwa mita. Wengi huudharau uzito huu, na hapa unashusha ncha kwa qL⁴ ÷ 8EI, q ikiwa uzito kwa kila mita, yaani mm 5.78, zaidi ya robo ya mpindo wote unaoletwa na dumu.

Mzigo uliosambaa lazima upelekwe kwenye nodi. Njia inayowajia watu haraka ni kugawa uzito wa kila kipande nusu kwa nusu kwenye nodi zake mbili. Njia hiyo inakaribia ukweli polepole. Kwa kipande kimoja inatoa mm 7.70, kwa viwili mm 6.26, kwa vinne mm 5.90, na kwa vinane mm 5.81. Utaona kwamba kila unapozidisha vipande mara mbili kosa hupungua hadi robo.

Njia bora huongeza momenti mbili ndogo kwenye miisho ya kipande, ili kazi inayofanywa na mzigo wa nodi ilingane na ile ya mzigo uliosambaa:

```
q = 7850*b*h*9.81
fe = -q*np.array([L/2, L**2/12, L/2, -L**2/12])
for e in range(n):
    F[2*e:2*e+4] += fe
```

Weka mistari hii kabla ya kutatua, kisha endesha programu upya.

Jaribio. Ncha ishuke kwa mm 25.78, jiliwa libebe N 88.5 na N·m 69.25. Kwa njia hii hata kipande kimoja hutoa mpindo sahihi kwenye nodi. Ukipata mm 25.90, umesahau momenti.

## Hatua ya 7: Tafuta momenti na mkazo

Mpindo pekee haukuambii kama chuma kitavumilia. Kwa kila kipande, rudisha mipindo ya nodi zake kwenye matrisi ya kipande, kisha uondoe mzigo uliouhamishia kwenye nodi:

```
for e in range(n):
    s = k @ u[2*e:2*e+4] - fe
    print(e, s[1], s[3])
```

Kutoa `fe` ni lazima. Ulikopa mzigo huo ili kutatua milinganyo, na usipourudisha, momenti kwenye jiliwa itakuwa pungufu. Kwa vipande vinne upungufu ni mdogo kiasi cha kukupita machoni. Kwa kipande kimoja, momenti inayoletwa na uzito wa chuma hupungua kwa sehemu moja ya sita.

Jaribio. Kipande cha kwanza kianze na 69.25, na cha mwisho kiishie karibu na sifuri, kwa kuwa ncha iko huru.

Mkazo (kani kwa kila eneo) mkubwa kabisa ni momenti mara nusu ya unene, gawanya kwa I. Unapata takriban MPa 83. Chuma laini cha kawaida huanza kulegea bila kurudi kwenye karibu MPa 250, hivyo bado tuko ndani ya unyumbufu, na dhana yote ya mfano huu inasimama.

## Hatua ya 8: Jua mfano wako unaishia wapi

Mfano huu hauhesabu mpindo unaosababishwa na mkato, yaani kuteleza kwa tabaka za chuma moja juu ya nyingine. Kwa boriti ambayo urefu wake ni mara 10 ya unene au zaidi, upungufu huo ni mdogo; yetu ina uwiano wa 100. Kwa boriti fupi na nene utahitaji nadharia ya Timoshenko, ambayo huhesabu pia mkato.

Pia mfano unadhani mpindo ni mdogo. Ncha ikishuka zaidi ya takriban sehemu moja ya kumi ya urefu, usiuamini. Kwa chuma chetu, kushuka kwa mm 100 kunahitaji N 250, na mkazo wake ungekuwa MPa 300, kwa hiyo chuma hiki kitalegea kabla jiometri haijaleta shida. Kwa rula ya plastiki mambo huwa kinyume.

Usidhani kwamba vipande 10,000 huleta ukweli zaidi. Katika milinganyo hii, athari ya kukadiria namba hukua kwa kipeo cha nne cha idadi ya vipande, na kwa vipande vingi kiasi hicho tarakimu kumi na sita za kompyuta huwa zimekwisha.

Utakapohamia kwenye elementi za pande mbili au tatu, epuka pembetatu sahili zenye nodi tatu kwa kazi za mpindo. Huifanya boriti ionekane kakamavu kuliko ilivyo, na jibu lake hukosea upande wa hatari: linakuambia mpindo ni mdogo wakati ni mkubwa. Tumia elementi zenye nodi za katikati ya kingo, na ujaribu kwanza boriti hii hii, kwa kuwa jibu lake tayari unalo.

## Hatua ya 9: Ipeleke karakana

Pima unene wa chuma kwa kalipa sehemu tano tofauti na utumie wastani. Unene uko kwenye kipeo cha tatu: chuma kilichouzwa kwa jina la mm 10 huku kikiwa na mm 9.5 kitashuka kwa mm 23.3 badala ya 20. Upana hauna makali kiasi hicho, kwani kukosea kwa mm 1 katika 50 hubadilisha jibu kwa asilimia 2 tu. Urefu nao uko kwenye kipeo cha tatu, hivyo pima kutoka kwenye ukingo wa meno ya jiliwa, na kukosea kwa sentimita moja hubadilisha jibu kwa asilimia 3.

Bana chuma, pima kimo cha ncha kutoka sakafuni, kisha ning'iniza dumu. Ongeza au punguza maji mpaka dumu na kamba vifikie kg 5.1 kwenye mizani, ambazo ni sawa na N 50. Pima tena. Tofauti ya vipimo viwili ndiyo mpindo wa dumu pekee, kwa sababu uzito wa chuma ulikuwepo kabla na baada.

Tahadhari. Weka kipande cha mbao au tofali chini ya dumu, karibu na sakafu, ili kamba ikikatika lisimwangukie mtu mguuni.

Usishangae ukipata zaidi ya mm 20. Hakuna jiliwa lisilogeuka hata kidogo, na meza nayo hujipinda. Tuseme umepata mm 22 na unene umethibitishwa kuwa mm 10 kamili. Mm 2 zilizozidi, kwenye urefu wa m 1, ni mgeuko wa radiani 0.002 chini ya momenti ya N·m 50, kwa hiyo jiliwa linafanya kazi kama springi ya N·m 25,000 kwa radiani. Ondoa kwa muda mistari ya uzito wa chuma, na uache mgeuko wa nodi 0 ukiwa huru lakini umeshikwa na springi hiyo:

```
K[1, 1] += 25000
huru = np.arange(1, 2*(n+1))
```

Tatua upya, na ncha itashuka kwa mm 22.

Kulinganisha mfano na kipimo kilekile ulichotumia kuurekebisha hakuthibitishi lolote, hivyo sogeza dumu hadi katikati, m 0.5 kutoka kwenye jiliwa, na katika programu ondoa mzigo wa ncha na kuweka `F[4] = -50.0`. Kama kisa ni jiliwa, ncha itashuka kwa mm 7.25. Kama kisa kilikuwa unene uliopimwa vibaya, itashuka kwa mm 6.88 tu. Tofauti ya mm 0.37 haisomeki kwa rula. Iweke kalipa imesimama juu ya kitu kisichotikisika, soma mara tatu, na kila mara uondoe dumu na kulirudisha.